Maji ya Toleo la 2.4

Mikandaani, Delta ya Rufiji
Alhamisi, 7 Agosti 2025

Mwalimu Rozalia,

Assalaam aleikum, na kwa upande wako Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mtu niliyetembea, najua kila mtu anasalimiwa vipi. Kule Muscat niliwahi kuwaamkia Mbalushi, Mhindi na Mfilipino kwa mpigo mmoja, na wote watatu wakaitikia.

Huku hatujambo. Hajira mke wangu naye hajambo, ila siku hizi tumbo linafika mahali kwanza, mwenyewe anafuata. Nesi Elinipendo kampima, kasema mwezi wa tisa. Na kwa kuwa Zaidi, mwanetu wa kwanza, alitolewa kwa kisu, huyu wa pili lazima azaliwe hospitali, Mchukwi, siyo hapa kisiwani. Kapangiwa boti ya Jumamosi tarehe sita Septemba. Nikamwambia nesi, hilo niachie mimi, mwenye maji ni mimi.

Sasa kwenye maji ndipo penye kajambo. Kadogo sana, usiweke chaki chini. Ile programu yako ya Bamvua, ya kupiga saa za maji kujaa, uliyotuwekea kwenye kompyuta ya zahanati imegoma. Jumatatu umeme wa jua ulikatika, uliporudi kompyuta ikawa imejipandisha yenyewe kwenye toleo jipya la Linux, ule mfumo unaoiendesha. Rangi mpya, herufi zimenenepa. Ukiibofya Bamvua inanyamaza kama mkwe.

Usidhani nimekaa. Mtu aliyefungua simu elfu moja Kariakoo hawezi kushindwa na kompyuta moja. Najua uliacha maandishi yako ya asili humo ndani, na maandishi yakikompailiwa, yaani yakipikwa upya yawe programu, mambo yanarudi. Nimepika. Nimejibiwa hivi, nanakili kwa mkono, maana mtandao wa huku ni mpaka upande kwenye dungu la Bwana Maneno, lile la kulindia ndege shambani kwake, na ukiwa juu mwenzio anasikia upepo tu:

/usr/include/libmaji-2.4/maji.h: No such file or directory

Kimombo changu kinasema: hamna faili, hamna folda. Nielekeze. Saa za maji nazijua kwa kichwa tangu sina meno, na watu wa huku wote wanazijua. Lakini Sixtus dereva wa gari la wazazi ni mtu wa bara, yeye anataka karatasi ya kila Ijumaa iliyochapwa, ajue boti itavuka fungu la mchanga saa ngapi ili naye awe bandarini Nyamisati anasubiri. Bila karatasi hatoki Kibiti.

Ni mimi,
Ridhiwani Mpendu
Fundi Mkuu (na wa pekee) wa Mikandaani


Kibiti
Jumatatu, 11 Agosti 2025

Kaka Ridhiwani,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa mkono wa nahodha Abdulaziz. Nimefurahi kusikia Hajira anaendelea vizuri. Mpe salamu zangu.

Kosa ulilokutana nalo ni langu. Mahesabu ya maji hayafanywi na Bamvua. Yanafanywa na maktaba ya watu wengine inayoitwa libmaji. Programu yangu inaomba majibu tu. Sasa ile faili ya Makefile, yenye maelekezo ya kupikia, inabidi iseme vitu vya libmaji vinakaa wapi. Mimi nilikuwa na haraka, mitihani ilikuwa imekaribia, nikaandika njia nzima kwa mkono pamoja na namba ya toleo: libmaji-2.4. Toleo likibadilika, folda nayo hubadilika jina. Makefile yangu inaendelea kubisha mlango wa zamani.

Ni kama nimtume mtu: "Nenda kwa Sixtus, chumba namba nne." Sixtus akihamia chumba namba sita, aliyetumwa atabisha kwa mwingine. Nilitakiwa niandike: "Kamuulize mjumbe Sixtus anakaa wapi." Na mjumbe huyo yupo ndani ya kompyuta, anaitwa pkg-config. Unamuuliza libmaji iko wapi, anakutajia ilipo leo, hata ikihama mara kumi.

Naomba vitu viwili. Kwanza, niandikie ni folda gani ya libmaji unayoiona sasa ndani ya /usr/include. Huenda usione yoyote, kwa sababu vifaa vya kupikia huja peke yao, kwenye kifurushi kinachoishia na "-dev". Ndiyo maana nimeweka flashi ndani ya bahasha, kifurushi kimo. Pili, kaka, kompyuta haijipandishi toleo yenyewe umeme ukikatika. Nani alifanya?

Wako,
Rozalia Ndunguru


Mikandaani
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Mwalimu wangu,

Barua yako kama uliandika sijaiona. Abdulaziz yuko Mafia tangu juzi, harusi ya shemeji yake, na shemeji mwenyewe ni wa kuoa kila mwaka. Lakini hata usihangaike kujibu. Nimemaliza!

Bamvua imeamka. Nimeipika mwenyewe, peke yangu, kwa siku mbili, chai ikiletwa na kurudi imepoa. Nilifanyaje? Hiyo ni siri ya fundi. Wapishi wa hoteli kubwa hawasemi kilichomo kwenye mchuzi, na mimi nimekula hoteli kubwa, nilikuwa nawatengenezea kiyoyozi.

Na nikwambie jingine, ukae chini kwanza. Kompyuta imejifunza Kiswahili! Zamani ilikuwa inachapa saa za kizungu za ofisini, mimi nakaa nazigeuza kwa ajili ya ubao wetu wa diko, pale boti zinapofikia: ikisema 8:20 naandika saa mbili na dakika ishirini. Toleo hili jipya linachapa saa zetu moja kwa moja. Jana iliandika maji kujaa 02:20. Nikashuka diko na saa yangu ya Muscat mkononi, asubuhi, saa mbili na dakika ishirini. Maji haya hapa, yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko! Yalichelewa dakika chache tu, na hizo nimewasamehe. Wazee wa diko wameshika videvu. Nikawaambia, mkiwa na mtu kama mimi kijijini msishangae, mjipange mstari mnipe mkono.

Karatasi ya wiki ijayo hii hapa, mpe Sixtus. Jumamosi tarehe 23 anakwenda Biasha, yule binti wa Ismaily mwenye duka, mimba yake ya kwanza, anakwenda kukaa nyumba ya kusubiria kule hospitali. Maji ni 10:02.

Hajira anasema nimezidi kelele. Nimemwambia ndiyo raha ya kuolewa na mtaalamu.

Ridhiwani
Fundi Mkuu, sasa na Mkalimani wa Kompyuta


Kibiti
Jumanne, 19 Agosti 2025

Kaka Ridhiwani,

Nimeisoma barua yako chumba cha walimu nikacheka peke yangu mpaka mwalimu wa Fizikia akanipa maji. Kompyuta imejifunza Kiswahili! Una maneno wewe.

Hongera kwa kuiamsha. Barua yangu ya tarehe 11 naona mmepishana, utaikuta na flashi ndani. Kama programu inafanya kazi, basi flashi iweke tu, tutaitumia nikija likizo ya Desemba. Karatasi nimempa Sixtus jana. Ameikunja, ameiweka kwenye mfuko wa shati kama kawaida yake.

Nina madaftari mia moja na arobaini ya kusahihisha, naishia hapa.

Rozalia


Mikandaani
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mwalimu,

Leo sina utani.

Jana tumempeleka Biasha. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye boti, nimeshika mwavuli juu ya kichwa chake. Tumevuka fungu saa kumi alasiri, maji tele, boti haikugusa hata punje ya mchanga. Tumefika Nyamisati. Gari hakuna. Tukakaa. Saa kumi na moja, gari hakuna. Magharibi imeadhiniwa, gari hakuna. Simu ya Sixtus haipatikani. Biasha ameketi juu ya gunia la mkaa la watu, miguu imevimba. Ikabidi alale kwa mama mmoja muuza wali pale bandarini, na leo asubuhi kapakiwa bodaboda, tumbo la miezi tisa, mpaka Kibiti. Kafika salama, tumshukuru Mungu. Lakini angeshikwa na uchungu pale?

Sixtus kalala. Au yuko kwenye gongo. Mimi madereva nawajua, nimeishi nao. Tumeandika malalamiko kwa wenye gari, sahihi na dole gumba kumi na nne, la kwanza langu. Aondolewe. Nakala hii hapa.

Zimebaki siku kumi na tatu, zamu ya Hajira. Mke wangu hatakaa juu ya gunia la mkaa.

Ridhiwani


Kibiti
Jumatano, 27 Agosti 2025

Ndugu Ridhiwani,

Salaam. Mimi ni Sixtus, dereva. Si mwandishi sana, nitasema machache.

Jumamosi nilifika Nyamisati saa nne asubuhi kasoro dakika tano. Karatasi inasema 10:02, ninayo mkononi sasa hivi, na karatasi zenu miezi kumi na minne nimezisoma hivyo hivyo kwa saa ya ofisini na hatujawahi kupishana. Nilikaa mpaka saa saba mchana. Maji yalikuwa yamekauka kabisa, ndege wanatembea kwenye tope. Muuza wali aliniuliza, "Wewe unangoja boti au unangoja kaa?" Nikapata simu kwamba kuna mama mwingine Bungu anatoka damu. Nikaenda. Bungu kule simu haikushika.

Gongo sinywi. Mke wangu alifariki njiani kuelekea hospitali, Mahenge, mwaka 2016, kwa sababu gari lilichelewa. Ndiyo maana niliomba kazi hii.

Wenye gari wamesoma malalamiko yenu. Wamesema wataamua. Nimemwomba Mwalimu Rozalia aitazame karatasi.

Sixtus Lihawa


Kibiti
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Kaka Ridhiwani,

Barua hii namkabidhi Abdulaziz mwenyewe, asipite harusi yoyote. Isome ukiwa umekaa, na uisome yote.

Uliniambia kompyuta imejifunza Kiswahili, nikacheka, nikaona ni utani wako. Hilo ni kosa langu, na nitalibeba. Jana Sixtus ameniwekea karatasi mezani. Nimempigia Abdulaziz nikamuuliza siku ile mlivuka fungu saa ngapi. Akasema saa kumi alasiri. Kwa saa ya ofisini hiyo ni 16:00. Karatasi inasema 10:02.

Bamvua haijui Kiswahili, kaka. Niliiandika mimi. Ina mistari mia mbili na kumi, na hakuna hata mmoja unaogeuza saa.

Nimekaa na kompyuta ya shule mchana mzima, nikasoma mabadiliko ya libmaji. Toleo la sasa ni 2.6. Katika 2.4, jibu lilikuja likiwa na saa ya maji kujaa kwanza, ya maji kupwa baadaye. Katika 2.6 wamepanga upya: kupwa kwanza, kujaa baadaye. Hilo peke yake halina shida, maana ile faili ya maji.h ndiyo orodha inayoiambia programu kipi kimekaa wapi, na kila toleo linakuja na orodha yake. Shida inakuja mtu akichukua orodha ya zamani akaingia nayo stoo mpya. Fikiria Ismaily amehamisha sukari na chumvi dukani kwake, na wewe umemtuma mtu gizani na maelekezo ya mwaka jana: "Sukari ni kopo la kwanza kushoto." Ataleta kopo, hatakosa. Ataleta chumvi.

Programu yako inaomba maji kujaa, inapewa maji kupwa, na inachapa bila wasiwasi.

Na ilikupata vibaya kwa sababu moja. Kutoka maji kupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika kama kumi. Na kutoka saa ya ofisini mpaka saa yetu ni saa sita. Kwa hiyo ukishuka diko na karatasi ya uongo, maji yatakuitikia kwa Kiswahili. Zile dakika chache ulizozisamehe ndizo zilizokuwa zinasema ukweli. Ninyi mnaojua maji hamkudhurika. Sixtus, anayesoma saa ya ofisini, alikwenda kuwasubiri kwenye tope.

Sasa nakuuliza, na hapa usinipe siri ya fundi. Toleo jipya haliji na folda ya 2.4. Uliitoa wapi?

Usafishe hivi: futa folda hiyo. Weka kifurushi kilichoko kwenye flashi. Kwenye Makefile, toa njia yangu yote yenye 2.4, weka pale: $(shell pkg-config --cflags --libs libmaji). Pika upya. Kisha usiniamini mimi wala kompyuta, nenda kapime na maji yenyewe.

Siku ya Hajira ni Jumamosi ya wiki ijayo. Ukishindwa kitu chochote, njoo Kibiti kwa miguu yako, nitakufundisha. Sitakucheka.

Rozalia


Mikandaani
Jumapili, 31 Agosti 2025

Mwalimu Rozalia,

Nimeisoma nimekaa. Kisha nikasimama nikaisoma tena.

Folda ya 2.4 niliitoa kwenye diski ya zamani. Makefile ilikuwa inalilia libmaji-2.4, nikasema mtoto analilia titi, mpe titi. Nikanakili folda nzima, nikaipandikiza pale pale inapoitafuta. Ikanyamaza. Nikaona nimeshinda.

Na umeme wa jua haukukatika. Nesi Elinipendo aliniambia mwanzoni mwa mwezi, kwa mdomo wake: "Baba Zaidi, kompyuta usiiguse mpaka Hajira ajifungue, inafanya kazi vizuri." Sasa akaja Kheri, binamu yangu wa Dar, na flashi ya toleo jipya, kakaa anasema huku kisiwani mnatumia vitu vya enzi za wakoloni. Watu sita wamesimama wanatazama. Mwalimu, mimi nikitazamwa na watu sita sina akili. Nikaichomeka.

Ilipogoma nikaogopa. Wakati Zaidi anazaliwa boti ilikaa juu ya fungu toka asubuhi mpaka alasiri, na Hajira ndani yake, mimi nimeshuka nasukuma, maji ya magoti, naimba nyimbo za Muscat ili asisikie ninavyolia. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Uliponiletea Bamvua nilisema basi, yale hayatarudi. Halafu nikaivunja mwenyewe, kwa sifa, wakati tumbo lingine liko njiani. Ningemwambia nani?

Nimefanya ulivyosema. Flashi yako ilikuwa bado ndani ya bahasha, sikuwahi hata kuitoa. Nimefuta folda. Nimemuuliza mjumbe, kanijibu 2.6 bila kusitasita, wala hakuniuliza elimu yangu. Nimepika, imepikika. Jana asubuhi nimechomeka ufito diko, nimeukata alama kwa kisu kila baada ya dakika mbili mpaka maji yakasimama. Karatasi ilisema 07:48. Ufito umesema saa mbili kasoro dakika kumi na mbili. Nimeita watu wakaona, na nikawaambia kwa nini nawaita.

Tarehe sita ni 15:50, saa kumi kasoro dakika kumi alasiri. Kwenye karatasi ya Sixtus nimeandika zote mbili, kwa kalamu nyekundu, na neno ALASIRI pembeni.

Nimewaandikia wenye gari kuwa malalamiko yale ni batili na mkosaji ni mimi. Nimezunguka kwa wenzangu wote kumi na watatu nyumba kwa nyumba. Ismaily aliendelea kupima mchele. Nesi alinijibu vitu vingi sana. Sixtus nimemwandikia barua yake peke yake, hiyo hutaisoma. Sijui kama atakuja.

Ridhiwani


Mchukwi
Jumatano, 10 Septemba 2025

Mwalimu Rozalia mpenzi,

Hatujaonana ila nakujua kwa barua. Mwandiko wangu univumilie, niliishia darasa la sita. Naandika nikiwa nimelala ubavu.

Jumapili asubuhi nimejifungua kwa kisu, mtoto wa kike. Mzima, analia kwa zamu na jirani yake. Jina bado, wazee wanavutana.

Nataka ujue tulivyosafiri, maana najua mwenzangu hatakueleza yalivyokuwa.

Kompyuta nilijua tangu siku ile ile. Nilikuwa naleta chai, nimemwona anachomeka kitu cha Kheri na watu wamejaa mlangoni. Nikanyamaza. Mtu wako huwezi kumwaibisha mbele ya wageni, na baadaye nikaona anajifanya hakuna lililotokea, nikaona nimpe muda aseme mwenyewe. Hapo nami nilikosea. Kama ningesema, Biasha asingelala Nyamisati.

Mimi maji nayahesabu kwa mwezi, alinifundisha mama. Sikuhitaji karatasi kwa ajili ya maji, niliihitaji kwa ajili ya gari. Kwa hiyo nilikuwa nimeshapatana na Abdulaziz kwa siri: Jumamosi gari lisipotokea, ananipeleka mpaka ng'ambo kwa dada yake mwenye bajaji. Pesa nilikuwa nimeifunga kwenye khanga. Mpaka leo mwenzangu haijui.

Tumetoka saa tisa na nusu. Bwana amekaa mbele ya boti, kimya. Mwalimu, miaka kumi na miwili ya ndoa sijawahi kumsikia akinyamaza njia nzima. Tumepita juu ya lile fungu maji yakiwa mengi, nikamwona anatazama chini ndani ya maji, hakugeuka mpaka tulipolivuka.

Gari lilikuwepo. Wenye gari hawakuwa wamejibu chochote, lakini Sixtus alikuwa bado na funguo. Yule muuza wali akatuambia ameingia pale saa nne asubuhi. Amekula mara mbili, ameosha gari mara mbili. Nikamuuliza, "Baba, si umeandikiwa alasiri kwa wino mwekundu?" Akasema, "Nimeona. Nimekuja asubuhi, na alasiri pia nipo."

Ridhiwani akashuka majini na viatu vyake. Mbele ya wachukuzi, mbele ya abiria wa Mafia, mbele ya kila mtu, akasema kwa sauti: "Bwana Sixtus, mimi ndiye niliyekuandika mlevi, na kosa lilikuwa langu, nilijua kuwa nimeharibu nikaficha." Sixtus akamtazama, akafungua mlango wa nyuma, akasema, "Mpandishe mgonjwa kwanza. Kesi tutasikiliza njiani." Na njiani hakuna aliyeisikiliza, maana uchungu ulinianza baada ya Bungu na wote wawili wakawa wananipepea kwa karatasi ile ile ya maji, huku mmoja anaendesha. Nikawafokea.

Leo Sixtus kaja kutuona, kaleta machungwa. Wamekaa nje kwenye benchi na Ridhiwani, sikusikia wanaongea nini, ila nimemsikia mwenzangu akicheka, kicheko kidogo.

Halafu akaingia akaomba kalamu. Nasikia anakuandikia kwamba siku ile yeye ndiye aliyeipitisha boti juu ya fungu kwa jicho moja, na kwamba daktari alimwomba ushauri. Ikikufikia barua hiyo, mwalimu, usimsahihishe. Siku tisa nzima mume wangu hajajisifu, hata chai haikusifiwa. Nilikuwa naogopa hilo kuliko kisu.

Hajira, Mama Zaidi